Mafuta ya karoti yalivyomponza mdogo wangu

Jamani, leo naongea ukweli, atakayenuna na anune.

Kuna staa mmoja hapa mjini, jina kapuni, ngozi yake mnaijua inavyong'aa. Mwaka jana aliposti video anapaka mafuta ya karoti yaliyochanganywa na ya nazi, akasema hiyo ndiyo kinga yake ya jua, asili tupu, haina kemikali. Mimi nani nisimwamini? Nikanunua chupa 2. Moja yangu, moja ya mdogo wangu.

Mdogo wangu ana ualbino. Siku zote anapaka Kilisun, ile losheni inayotengenezwa KCMC kule Moshi kwa ajili ya watu kama yeye. Nikamwambia, "Dogo, achana na makemikali hayo, paka hii." Akanisikiliza, si mimi dada mtu?

Jumamosi hiyo tukaenda Kigamboni, tukakaa ufukweni saa nne mpaka saa nane. Usiku hakulala. Mabega mekundu kama nyanya, shingoni malengelenge. Mama hata hakunigombeza, alinitazama tu. Bora angenichapa.

Daktari wa ngozi alitueleweshea taratibu. Mimea ina faida zake, hakatai. Chai ya kijani, kwa mfano, ina viambata vinavyosaidia kupunguza madhara ya miale ya jua kwenye ngozi, na kuna losheni zinaongezewa vitu kama hivyo. Lakini kupunguza madhara siyo kuzuia miale isiingie. Mafuta ya nazi yanalainisha, ila kinga yake ni ndogo mno. Losheni ya SPF 30, ukiipaka ya kutosha, inazuia kama 97% ya miale inayounguza, na inabidi urudie kila baada ya saa 2. Halafu akatuuliza: ndimu si ya asili? Maji yake yakibaki kwenye ngozi ukaenda juani, unaweza kutoka malengelenge na kubaki na madoa meusi.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Siku ile mimi nilikaa jua lile lile, na mafuta yale yale, sikuungua. Yule staa naye pengine hakudanganya, kweli haungui. Kilichotubeba ni melanini yetu, sifa tukaipa karoti. Mdogo wangu hana melanini hiyo ya kutosha. Kwake kuungua mara kwa mara ni njia ya kwenda kwenye saratani ya ngozi.

Dogo amepona, amerudi kwenye Kilisun yake, kofia pana na mikono mirefu. Mafuta ya karoti ninayo bado, napaka usiku.

Video ile ipo mpaka leo, watu wanaisambaza. Sijui nani mwingine ameshampakia mdogo wake. Nyie wadau, mlishawahi kumshauri mtu kitu kwa sababu kwako kilifanya kazi tu?