Kizimkazi: Tulikokwenda Kuwaona Pomboo

Ukitoka mjini Unguja kuelekea kusini, ukaupita msitu wa Jozani wenye kima punju na kisha njia panda ya Kitogani, barabara inakufikisha Kizimkazi, kijiji cha wavuvi kilicho karibu na ncha ya kusini ya kisiwa. Wengi hukijua kwa msikiti wake wa kale ulioko Dimbani, ambao maandishi ya kibla yake ni ya mwaka 1107. Sisi tulikwenda kwa ajili ya pomboo. Tulikuwa akina mama sita kutoka Dar es Salaam, na wanne kati yetu hatukuwahi kupanda chombo kidogo cha baharini.

Msomaji mpenzi, pomboo si samaki. Hupumua hewa kama sisi, kwa tundu lililo utosini, na damu yake ni ya moto. Hubeba mimba kwa muda wa mwaka mmoja hivi, huzaa mtoto mmoja tu, naye humnyonyesha kwa zaidi ya mwaka. Hata baada ya kuachishwa ziwa mtoto huendelea kuandamana na mama yake, kwa hiyo mama huweza kukaa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa tena. Mwenzetu mmoja, mwenye watoto watano waliofuatana, alisema pomboo anajua uzazi wa mpango kutuzidi.

Tuliondoka ufukweni mapema asubuhi, tumejifunga kanga, kwani hiki ni kijiji cha Waislamu na mgeni hupendwa kwa heshima yake. Nahodha wetu alikuwa mzee wa makamo. "Mama zangu, kaeni katikati, msiegemee upande mmoja," alituambia, kisha akatia mashine moto.

Njiani alitusimulia mambo ya zamani. Wavuvi wa hapa walikuwa wakiwawinda pomboo, na nyama yake ilikuwa chambo cha kuvulia papa. Mnamo mwaka 1992 watalii walianza kuletwa kuwatazama, na kufikia mwaka 1996 uwindaji ule ulikuwa umekoma. Kijiji kiliona kwamba pomboo aliye hai huleta fedha leo, na kesho huleta tena. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai, yenye eneo la kilometa za mraba 470 hivi, ilitangazwa kuwa hifadhi.

Tulipowakaribia, nahodha alizima mashine tukiwa bado mbali. Tulikaa kimya, mawimbi yakitupembeza. Mara tukasikia pumzi, "fyuu!", kama mtu anayeibuka baada ya kupiga mbizi. Mapezi matatu, manne, halafu saba. Ubavuni mwa mmoja palikuwa na mdogo, amegandamana na mama yake kama mtoto aliyeshika upindo wa kanga sokoni. Walipita karibu nasi bila haraka. Hakuna aliyesema neno.

Haukupita muda zikaja boti nyingine, tano au sita, mashine zikinguruma. Ziliwazunguka pomboo, nyingine zikawakatia njia, na watalii wakajirusha majini juu yao. Pomboo walizama, wakaibuka mbali, boti zikawafuata, wakazama tena. Yule mdogo tulimwona mara moja tu baada ya hapo. Moyo ulituuma. Kila aliyepata kunyonyesha anajua kwamba mtoto hashibi wakati mama anafukuzwa huku na huku. Pomboo hunyonyesha majini, kidogo kidogo, na anahitaji utulivu. Watafiti waliowachunguza pomboo wa Kizimkazi waligundua kwamba boti za watalii zikiwapo, wanyama hawa hupumzika kidogo na hutumia muda mwingi zaidi kuogelea tu.

Je, tumlaumu nahodha? Yeye ana ada za shule za kulipa, na mgeni aliyetoa fedha zake anataka kuogelea na pomboo papo hapo. Asipotimiziwa, kesho atapanda boti ya jirani. Kwa maoni yetu lawama kubwa ni ya mteja. Sisi tunaopanda ndio tunaoweza kusema kabla ya kulipa: usiwafukuze, zima mashine, na penye mtoto tusiingie majini.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo linatuhusu hata tusiofika Unguja. Ni jarife. Nyavu hizi hutegwa usiku kuvua jodari, nguru na papa, na pomboo akinasa hawezi kupanda juu kuvuta pumzi. Hufa kwa kukosa hewa. Mvuvi hakumtaka, lakini pia hawezi kuacha nyavu zake, maana ndizo zinazolisha nyumba yake, na samaki wake ndio tunaowagombea sokoni Feri. Hatukupata mtu kijijini mwenye jibu rahisi kwa hili.

Wanaotamani kuwaona nyangumi waende kati ya Julai na Oktoba. Wakati huo nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari ya barafu ya kusini, wakija kuzaa katika maji yetu ya joto. Mama huwa hali karibu chochote katika miezi hiyo, huku akimnyonyesha mtoto aliyezaliwa na urefu wa meta nne. Huyo naye atazamwe kwa mbali.

Miezi ya Aprili na Mei mvua za masika huharibu safari nyingi. Beba kofia, maji ya kunywa na kanga ya pili, kwa kuwa ya kwanza italowa. Mwenye kuona kichefuchefu baharini anywe dawa yake nusu saa kabla. Na mpatane bei ufukweni, pamoja na lile la kuzima mashine, kabla hamjapanda.