Mbweha Asiyekuwapo Point

Mtaa wa Point, mjini Durban, ni ulimi wa mchanga uliobanwa kati ya Bahari ya Hindi na mlango wa bandari. Yapo maghala ya kale ya matofali, maghorofa mapya ya wenye nazo, bustani ya bahari ya uShaka iliyofunguliwa mwaka 2004, na barabara iliyoitwa Point Road hadi mwaka 2008 ilipopewa jina la Mahatma Gandhi. Usiku husikika Kizulu, Kiingereza, Kifaransa cha Wakongo, na Kiswahili cha vijana waliotoka Tanga na Dar es Salaam. Asiyepatikana hapo ni mbweha. Hata hivyo neno "mbweha" liliwahi kutamkwa Point, nalo nusura limuue mnyama asiyehusika nalo.

Aliyelitamka ni mlinzi wa usiku, Mmakua wa Masasi, aliyelinda yadi ya magari nyuma ya ghala moja. Karibu na alfajiri aliona kiumbe chembamba chenye mkia mrefu kikipita kando ya mapipa ya taka. Asubuhi akamweleza mwenzake Mzulu aliyekuja kumpokea zamu. Mbweha, alisema, kisha akaeleza kwa ishara: mdomo mwembamba, masikio yaliyosimama, mkia. Mwenzake akaelewa impungushe. Msimamizi, aliyekulia katika ukoo wa wafuga kondoo huko bara, akapelekewa jina hilo kwa Kiingereza, akamwona adui wa zizi na mleta kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao KwaZulu-Natal inaujua vizuri. Jioni ile sahani ya nyama yenye sumu iliwekwa chini ya ukuta.

Jina lilikuwa limevuka lugha tatu, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amemtazama mnyama kwa makini.

Usiku huo mlinzi hakukaa kibandani. Alizima taa, akaketi mbali na sahani, akangoja. Mnyama alipokuja, hakuja chini: alitokea juu ya paa, akatembea ukingoni mwa ukuta usiozidi upana wa kiganja, akashuka kwa kushikilia bomba la maji ya mvua. Ubavuni alikuwa na madoa meusi yaliyojipanga kwa safu, na mkia wake ulikuwa na pete nyeusi na nyeupe. Mbweha hashuki kwenye bomba. Huyu alikuwa kanu, yule yule mwizi wa kuku anayejulikana Masasi, ambaye hapa mjini hushiba panya. Mlinzi akapiga kofi moja kumfukuza, akaifunga nyama ile ndani ya mifuko miwili na kuitia katika pipa lenye kifuniko.

"Bhuti," alimwambia mwenzake kulipopambazuka, "yule si impungushe." Akamchorea madoa na pete chini kwa kijiti. Mwenzake akacheka: "Insimba!" Mlinzi naye akacheka, maana masikioni mwake mnyama wa uzito wa paka alikuwa amepandishwa cheo kuwa simba.

Kisa hiki kinachekesha kwa sababu kiliishia vizuri. Bandari hiyo hiyo ina kisa kingine cha jina ambacho hakichekeshi. Kuanzia mwaka 1873 Waingereza walishusha Durban mamia ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, wakawafunga kwa mikataba ya kazi. Kwa kuwa walipitia Zanzibar, wakaitwa Wazanzibari. Wengi walikuja kukaa Kings Rest, upande wa Bluff, ng'ambo ya mlango wa bandari ukitazama kutoka Point. Serikali ya ubaguzi iliposhindwa kuwapatia sanduku la rangi, ikawaandika "Waasia Wengine", na katika miaka ya 1960 ikawahamishia Chatsworth, eneo lililotengewa Wahindi. Jina lililotolewa kwa uvivu huamua mtu atalala wapi. Kwa mnyama, huamua kama ataamka.

Waliolipa zaidi ni mbweha wenyewe. Kiafrikana kina neno moja, jakkals, linalowabeba wanyama watatu walio mbalimbali kabisa: mbweha mgongo mweusi, ambaye kweli huua kondoo, mbweha masikio, ambaye hula mchwa, na mbweha wa fedha wa Kusini, Vulpes chama, ambaye huishi zaidi kwa panya na wadudu. Mwishoni mwa karne ya 19 wafugaji wa Koloni la Rasi waliunda vyama vya kutega sumu, na sumu haikuuliza nani ni nani. Kiswahili hakina haki ya kujitapa hapa. Nasi tuna "mbweha" wa Serengeti, "mbweha" wa Injili, na sasa "mbweha" mwekundu anayepekua taka London, ambaye mama wa Kiswahili humtajia bibi kwa simu. Na bibi, aliyeko Arusha, anamwona mnyama mwingine kabisa.

Anayetaka kuwatofautisha aanze na umbo, rangi aiache baadaye. Mbweha mgongo mweusi ana miguu mirefu, uzito wa kilo 6 hadi 10, na tandiko jeusi lenye mvi kutoka shingoni hadi mkiani; mbweha miraba ana ncha nyeupe ya mkia. Hawa ni jamaa wa karibu wa mbwa na mbwamwitu. Mbweha wa fedha ni mdogo, kilo 3 hivi, mgongo wa kijivu, mkia mzito wenye ncha nyeusi. Ndiye peke yake wa jenasi ya Vulpes katika kusini ya Afrika. Mbweha masikio hahitaji maelezo mengi: masikio yake hufikia sentimita 13, uso umevaa kinyago cheusi, na kinywani ana meno 46 hadi 50, ilhali wengi wa ukoo wa mbwa wana 42.

Huyu wa mwisho ana makazi mawili. Moja ni Karoo na Kalahari. La pili linaanza Tanzania na kupanda hadi Ethiopia na Somalia. Kati yake kuna pengo la kilomita 1,000 hivi, pasipo hata mmoja wao, kwani misitu ya miombo haiwapi nyasi fupi wanazozihitaji.

Katika nyanda za Serengeti, zima injini jua linapotua. Usitafute mnyama anayekimbia. Tafuta anayetembea polepole akiwa ameinamisha kichwa na kuelekeza masikio ardhini, anayesimama ghafla, kisha anachimba: amewasikia mchwa. Ukimpata jike peke yake msimu wa watoto, angaza macho nyuma yake kwenye vichuguu. Dume huwa amebaki shimoni na watoto usiku kucha, na kwa kawaida ni ncha za masikio yake zinazoonekana kwanza.