Kidonge cha Siku Njema

Kifafa kina hila kuliko maradhi mengi niyajuayo. Mwenye homa humeza dawa kwa sababu anaumwa. Mwenye kifafa hana budi ameze hata siku asiyoumwa na chochote, siku anayolima, anayocheka, anayocheza mpira. Mtego uko hapo. Miezi sita ikipita bila kuanguka, mtu hujiambia kwamba amepona, kumbe ni dawa inayomzuilia.

Nilipokuwa mkuu wa shule tulikuwa na kijana mmoja wa bweni. Kila jioni, kengele ya chakula ilipolia, alimeza kidonge chake mbele ya matroni, na mwaka mzima hakuanguka. Likizo moja alikwenda kwao. Zahanati ikamwambia vidonge vimekwisha, arudi baada ya wiki mbili. Nyumbani wakaona si neno, kijana yu mzima. Siku ya nne alianguka jikoni, mkono wa kulia ukaingia motoni. Majirani walisimama mbali kwa kuogopa povu lake, ingawa kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kugusana. Alirudi shuleni na vidole vilivyokunjamana, akaanza upya kujifunza kuandika, kwa mkono wa kushoto.

Na dawa yenyewe si ngeni. Fenobabitoni inatibu kifafa tangu mwaka 1912, na bei yake ni ndogo. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, kwa Wapogoro, na kwa dawa hiyo wengi waliokuwa wametengwa walipata nafuu. Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Lakini katika nchi maskini, watatu kati ya wanne hawapati tiba wanayohitaji.

Rafu ya zahanati ikiwa tupu, wenye bajeti ndio wa kuulizwa. Lakini kuna pengo jingine, nalo ni letu sisi wa nyumbani. Kukatisha dawa ghafla kwaweza kuleta kifafa kisichokoma, nacho huua. Kuacha ni kwa shauri la daktari, tena polepole. Basi ndugu yako asiyeanguka tangu mwaka jana usimwulize, "Bado unameza tu?" Mwulize, "Vimebaki vingapi?" Umwulize mapema, vingali vya kutosha, ili hata zahanati ya kwanza ikikosa, pawe na siku za kwenda ya pili.