Harufu ya Karafuu katika Mji wa Baridi

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki miezi ya mwisho wa mwaka ni wakati wa vuli. Mvua fupi hunyesha, vumbi hutulia, na mtu akisimama mlangoni hunusa udongo uliopata maji baada ya jua la siku nyingi. Katika Ulaya miezi hiyohiyo ni ya mambo mengine: majani huanguka, mchana hufupika, na baridi huingia. Sisi tulijaliwa kuiona miezi hiyo katika mji wa Nürnberg, ulio kusini ya Ujerumani, tulikokaa tangu katikati ya Oktoba hata juma la kwanza la Desemba. Majengo ya mji ule yamekwisha kuelezwa na wengi. Leo twataka kuwapa habari za harufu zake, maana kwa pua tulifundishwa neno ambalo macho hayakutuonyesha.

Tulipofika, miti ilikuwa imegeuka rangi. Mti wa nchi za baridi hutambua kwamba kipupwe kikali chaja kwa kuona mchana unapungua. Hapo huivunja rangi yake ya kijani, na kukirudisha katika matawi na shina chakula kilichomo majanini. Ndipo rangi ya manjano, iliyokuwamo tangu mwanzo ikifichwa na kijani, inapoonekana. Kisha mahali kikonyo cha jani kinaposhikamana na tawi hufanyika ngozi kama gome, na jani huanguka lenyewe. Baada ya mvua majani hayo hulala chini tabaka juu ya tabaka, na kuvu na vijidudu vya udongo huanza kuyala. Harufu yake ni nzito, ya unyevu, yenye utamu kidogo.

Tulistaajabu kuona kwamba harufu ile haikuwa ngeni kwetu kabisa. Wataalamu wasema kwamba vijidudu vya udongo hutoa kitu kiitwacho jeosmini, na pua ya mwanadamu hukitambua hata kikiwa kidogo mno. Kitu hichohicho ndicho sehemu ya ile harufu inayopanda kwetu wakati wa mvua za kwanza. Basi Mjerumani akitembea katika majani yaliyooza, na mkulima wa Pemba akisimama kizingitini baada ya mvua, pua zao zapokea kitu kimoja. Lakini mmoja hukumbuka mwisho wa mwaka na kufunga madirisha, na mwenziwe hukumbuka jembe na mbegu.

Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, Wakristo wa Kiinjili wa Ujerumani huwakumbuka wafu wao. Desturi hiyo iliamriwa na mfalme wa Prussia mwaka 1816, kisha ikaenea. Siku ile tulikwenda kwenye makaburi ya Mtakatifu Yohana, alikozikwa Albrecht Dürer, mchoraji mashuhuri aliyefariki mwaka 1528. Watu walikuwa wakiweka matawi mabichi ya misunobari juu ya mawe ya makaburi na kuwasha mishumaa. Harufu ya utomvu, ya nta na ya udongo wenye maji ilikuwa imechanganyika. Hakuna aliyesema kwa sauti kubwa.

Baridi ilipozidi, harufu za nje zilipungua. Sababu yake ni hii: harufu ni chembe ndogo sana zinazoruka kutoka katika kitu, na penye baridi chembe hizo huruka kwa uchache. Bustani ikanyamaza, na harufu za majiko zikaanza kusikika njiani. Katika Nürnberg harufu kubwa ya majira hayo ni ya mkate mtamu uitwao Lebkuchen. Habari za waokaji wake mjini mle zaonekana katika maandiko tangu mwaka 1395. Huokwa kwa asali au sukari, kwa lozi na njugu za kule, pamoja na mdalasini, iliki na karafuu. Ule ulio bora kupita yote, kanuni yataka robo yake isipungue njugu na lozi, na unga usizidi sehemu moja katika kumi. Unga wake huwekwa juu ya kaki nyembamba, mfano wa mkate wa Meza ya Bwana, usishikamane na chuma cha tanuri. Zamani wafuga nyuki wa msitu mkubwa uliouzunguka mji ndio walioleta asali yake.

Bibi mmoja mzee alitukaribisha nyumbani kwake siku ya kuoka. Alituambia kwamba usiku wa tarehe 2 Januari 1945, naye akiwa mtoto mdogo, ndege za vita ziliuangamiza mji wa kale karibu wote. Soko la Noeli lililokuwa likifanywa mbele ya kanisa la Mama Yetu halikufanywa tena hata mwaka 1948. "Mama alinishika mkono tukaenda," alisema. "Pande zote palikuwa na kuta zilizovunjika. Mimi nilimwuliza, hapa ni wapi? Kisha nikanusa karafuu na mdalasini, nikajua." Akanyamaza kidogo, akaendelea kukanda.

Nasi tukamweleza kwamba tulilelewa Pemba, na kwamba karafuu kwetu haina habari ya baridi. Kwetu ni harufu ya jua. Mavuno huanza katikati ya mwaka, na mara nyingi huendelea hata mwisho wake. Wachumaji hupanda mitini na vikapu, jioni watu wa nyumba hukaa kuzichambua, karafuu huku na makonyo huku. Kisha huanikwa juu ya majamvi siku kadha wa kadha, na wingu likionekana watoto huitwa wakimbie kuzianua, maana zikinyeshewa huharibika. Wako waliovunjika kwa kuanguka mitini, na katika vijiji vyetu wajulikana kwa majina. Yule bibi alishika karafuu moja kati ya vidole vyake, akatuuliza: "Je, wanangu, hii ni mbegu au ni mzizi?" Alikuwa ameitumia zaidi ya miaka sabini. Tukamjibu kwamba ni ua, lililochumwa kabla halijafunguka. Akaitazama kwa kitambo, asiitie katika unga.

Kwa nini harufu moja imwite huyu mamaye na sisi ituite majamvi? Habari za macho na za masikio hupita kwanza katika kituo kilicho katikati ya ubongo, ndipo zigawanywe. Habari za pua hazina haja ya kungoja hapo; zina njia fupi ya kufika mahali penye kumbukumbu na penye furaha na hofu. Kwa hiyo harufu humshika mtu kabla hajapata neno la kuitaja. Tena harufu yenyewe haina maana yake. Maana huwekwa na siku ile tulipoinusa. Mafuta ya karafuu, yenye eujenoli, hutumiwa na waganga wa meno, na wako Wazungu wengi ambao karafuu huwakumbusha kiti cha mganga na maumivu, wala si Noeli.

Lakini hapa pana upungufu ambao yatupasa kuutazama. Pua hukumbuka nyumba ile tuliyokaa. Haikumbuki nyumba ya mwingine. Karafuu zilifika Nürnberg karne nyingi kabla Pemba haijawa na mkarafuu hata mmoja, zikitoka visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, na kupita mikononi mwa wafanyabiashara wa Venice. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, aliwahimiza wenye mashamba waipande. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja; ile ya Pemba ilisalimika zaidi, na tangu hapo Pemba ikawa shamba kuu. Kwa muda mrefu karafuu nyingi za ulimwengu zilitoka katika visiwa hivi viwili, ijapokuwa leo Indonesia yatuzidi kwa mbali.

Na waliopanda na kuchuma siku zile ni akina nani? Wengi wao walikuwa watumwa, watu wa bara waliotekwa na kutembezwa hata pwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa haukuondolewa katika sheria ya nchi mpaka mwaka 1897. Katika miaka hiyo 24 mkarafuu haukukosa kuzaa. Huenda mtoto wa Ulaya alikula mkate wake wa Noeli akafurahi, na kitu kilichomfurahisha kilichumwa na mtoto wa mtu asiyeruhusiwa kurudi kwao. Mtoto yule hakuwa na kosa. Hakuna aliyemwambia. Nasi wa Pemba tuliopenda harufu ya majamvi, wazee wetu walituambia habari za bei na za mvua; habari za waliopanda ile miti walitaja wachache.

Kwa hiyo, enyi wazazi, watoto wenu watakumbuka harufu ya nyumba zenu mpendapo msipende: moshi wa kuni, nazi inayokunwa, udongo wa vuli. Hiyo watajipatia wenyewe. Masimulizi hawatayapata ila kwa vinywa vyenu. Nanyi walimu, lipo somo jepesi. Mpeni kila mtoto karafuu moja, anuse akiwa amefumba macho, aseme amekumbuka nini. Wakiisha kusema wote, waulizeni swali la pili: ni nani aliyeichuma, na aliyeupanda mti ule alikuwa nani? Wakishindwa kujibu, wapelekeni kwa mzee mmoja wa kijiji wakamwulize, waandike jibu lake, maana wazee hawa hawatakuwapo siku zote.

Yule bibi alituomba tumpelekee kichala kizima cha karafuu kikiwa na makonyo yake, ili awaonyeshe wajukuu wake kabla ya kuoka mwaka ujao. Tumekwisha kukikausha, nacho ki tayari kwenda.