Zawadi ya Mkono wa Mtoto

Baba ni mtu mgumu kumpa zawadi. Mama ukimletea kanga, hata kama anazo nyingine kumi sandukuni, ataifungua papo hapo, atalisoma jina lake, atacheka, na kesho yake ataonekana nayo kisimani. Lakini baba ukimwuliza anataka nini, atakujibu, "Mimi sitaki kitu, someni tu." Jibu hilo nimelisikia kwa wazazi wengi, na mimi mwenyewe nimewapa wanangu. Ni jibu la heshima, lakini linamfungia mtoto mlango. Mtoto naye ana haja ya kutoa. Mtu ambaye maisha yake yote ni kupokea tu hukua akidhani kwamba mikono ya wenzake iliumbwa kwa ajili yake.

Siku hizi wenzetu wa mjini wanayo Siku ya Baba, Jumapili ya tatu ya mwezi Juni. Desturi hiyo ilianzia Marekani. Mwaka 1910, katika mji wa Spokane, mama mmoja aitwaye Sonora Smart Dodd aliomba baba wakumbukwe kama mama walivyokuwa wakikumbukwa. Baba yake alikuwa askari wa zamani aliyebaki na watoto sita baada ya kufiwa na mkewe, akawalea. Sheria ya kuifanya siku hiyo kuwa ya taifa zima huko Marekani ilitiwa saini mwaka 1972. Katika baadhi ya nchi zenye Wakatoliki wengi, baba hukumbukwa tarehe 19 Machi, siku ya Mtakatifu Yosefu, ambaye alikuwa fundi seremala. Nasi tumeipokea desturi hiyo, wala sioni ubaya. Ninaloliona ni hili: mara nyingi mtoto humwendea baba kuomba fedha, hununua soksi dukani, kisha humkabidhi baba zile soksi zikiwa zimefungwa katika karatasi inayong'aa. Baba hushukuru kwa kitu alichokilipia mwenyewe.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtoto hana utajiri. Lakini ana mikono, ana macho, na ana muda mwingi kuliko sisi sote.

Nilisomea ualimu miaka ya mwanzo ya sabini, wakati siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikuwa bado mbichi. Chuoni tulifundishwa kushika jembe na randa kama tulivyofundishwa kushika chaki. Nilipokuwa mwalimu nilitoa somo la kazi za mikono kwa miaka mingi, hata baada ya kupewa ukuu wa shule. Jambo moja nililolijua mapema ni kwamba kazi ya mtoto huanzia jichoni kabla ya kufika mkononi. Kwa hiyo, kabla ya kumruhusu mwanafunzi kugusa kisu au ukindu, nilimpa kazi ya nyumbani: "Mwangalie baba yako kwa siku saba. Usimwulize neno. Kisha uniandikie anakosa nini."

Majibu yao niliyasoma kwa makini kuliko insha zozote. Mmoja aliandika kwamba baba yake hushika jembe kwa mkono wa kulia tu, kwa sababu mpini una ufa unaomchubua wa kushoto. Mwingine aliandika kwamba baba yake hukaa juu ya debe la mafuta, nalo humwachia alama nyuma ya suruali. Binti mmoja aliandika, "Baba hakosi kitu, ila jioni hana mtu wa kuongea naye." Nilimwambia binti huyo achukue daftari, kila jioni amwulize baba yake swali moja: alizaliwa wapi, aliogopa nini alipokuwa mdogo, alimwonaje mama kwa mara ya kwanza. Daftari hilo likijaa, ndilo zawadi yenyewe. Hadi leo, mzazi akiniuliza mtoto asiyejua kusuka wala kuchonga afanye nini, humpa shauri hilo.

Kwa wale wa kusuka na kuchonga, ndugu msomaji, naomba nikueleze machache, maana kazi hizi zinasahaulika.

Mtoto wa miaka mitano au sita mpe udongo wa mfinyanzi. Afinyange kibakuli cha kuwekea funguo au sarafu. Udongo ukandwe vizuri hadi povu la hewa litoke, na kibakuli kikaushwe kivulini kwa siku kadhaa kabla ya kuchomwa. Kikianikwa juani kwa haraka hupasuka, na kikichomwa kikiwa kibichi hulipuka. Usimsahihishie umbo. Kikiwa kimepinda, baba atajua ni cha nani.

Mtoto wa miaka minane hadi kumi aweza kusuka ukili. Majani ya mkindu hukaushwa, huchanwa vipande vya upana mmoja, na huloweshwa kidogo kabla ya kusukwa ili yasikatike. Akitaka rangi, achemshe baadhi yake pamoja na bizari ya manjano. Mkeka mzima ni kazi kubwa mno kwake, lakini ukili wa dhiraa mbili tatu watosha kushona pepeo. Hushonwa ukingo kwa ukingo, kisha hufungwa kwenye kijiti kilicholainishwa. Asiyekuwa na ukindu, kama watoto wa mjini, atumie vipande vya kitenge kutoka kwa fundi cherehani, avisuke kama nywele na kuvishona mviringo. Atapata kitu cha kukalia au cha kupangusia miguu mlangoni.

Mtoto wa miaka kumi na miwili na kuendelea anaweza kutengeneza mpini wa jembe. Achague mti mgumu, ulionyooka, usio na fundo katikati. Aukaushe kivulini. Amalizie kwa kuukwangua kwa kigae cha chupa hadi kiganja kipite bila kukwama, huku mtu mzima akiwa karibu. Anayeishi penye mianzi atengeneze kikombe. Achague mwanzi uliokomaa, wa miaka kama mitatu, akate chini kidogo ya fundo ili lile fundo liwe kitako, kisha akate juu kwa kimo anachotaka na kusugua mdomo wake kwa jiwe.

Si wazazi wote waliopendezwa na kazi hizi. Nakumbuka siku ya wazazi, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Maduka yalikuwa matupu, sabuni na nguo vilikuwa vya foleni, na watoto walikuwa wamepanga kazi zao uwanjani. Baba mmoja alisimama mbele ya kigoda cha mwanawe akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Nimekuleta shule uchonge vigoda? Vigoda tunavyo porini!" Kijana aliinamisha kichwa. Mimi sikutaka kubishana na mzee mbele ya mwanawe, wala sikutaka kijana aondoke hivyo. Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo. Hebu kikalie kwanza." Akakaa. Uwanja ule ulikuwa na mashimo na kokoto, lakini kigoda hakikutikisika. Nikamwuliza kijana aeleze kwa nini amekiwekea miguu mitatu badala ya minne. Akajibu bila kuinua kichwa: "Miguu mitatu yote hugusa chini hata kama sakafu si sawa. Ya nne ndiyo inayotikisa. Nyumbani kwetu sakafu si sawa." Yule mzee hakusema kitu. Alibaki amekaa pale hadi hotuba ya mgeni rasmi ilipokwisha, na alipoondoka alikibeba kigoda begani yeye mwenyewe. Nadhani alikuwa ameambiwa, kwa mara ya kwanza, kwamba mwanawe alikuwa akimtazama.

Habari hizi sikuzipata chuoni tu. Baba yangu alikuwa manamba. Alitoka kwetu nyanda za juu kusini akaenda kukata mkonge Tanga, kama walivyofanya wanaume wengi wa kwetu wakati wa ukoloni, na alirudi nyumbani mkataba ulipokwisha, akakaa miezi michache, akaondoka tena. Mwaka 1959, nikiwa na umri wa miaka minane, nilimtengenezea kikombe cha mwanzi. Sikumjua vizuri. Nilijua tu kwamba watu wazima hunywa katika vikombe, na kwamba yeye alikuwa mtu mzima. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama kitako, akakinusa, akakijaza maji na kungoja kuona kama kitavuja. Hakikuvuja. Hakusema neno la kusifu, maana wanaume wa wakati ule hawakuwa na maneno hayo. Alipoondoka nilikitafuta kikombe nyumba nzima nisikione.

Alifariki mwaka 1983. Tulipokuwa tunagawana vitu vyake vichache, nilikikuta ndani ya mfuko wake wa safari. Kilikuwa kimepasuka mahali pawili, na pote pawili palikuwa pamefungwa kwa uzi wa katani, mzunguko kwa mzunguko, kwa ustadi wa mtu aliyeketi akatulia na kazi yake. Mkonge aliokuwa akiukata kwa ajili ya meli za wengine, kidogo chake aliutumia kuunga kikombe cha mwanawe. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali ambalo sikuwahi kuthubutu kumwuliza akiwa hai.

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu na mzazi hawana budi kulifikiri kabla ya kutangaza zawadi za baba. Mwaka 1992 nilikuwa mkuu wa shule mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mwaka 1983. Darasani walikuwamo watoto wengi waliofiwa. Binti wa darasa la nne aliniuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, mimi nimtengenezee nani?" Darasa lote likanyamaza. Nikamwambia, "Nani hukuamsha asubuhi uje shule?" Akasema, "Babu." Nikamwambia basi amtazame babu kwa siku saba. Alisuka mkeka mdogo wa kukalia. Nilipokwenda kuwatembelea, yule babu, aliyekwisha kuwazika watoto wake watatu, aliutandika mkeka ule kwanza, ndipo akanikaribisha niukalie. Baba, kwa maana inayomhusu mtoto, ni yule anayemwamsha.

Neno langu la mwisho ni kwa baba wenyewe. Mkipewa zawadi ya mkono wa mtoto, msiiweke juu ya kabati kama kombe la mpira. Itumieni. Mpini utieni jembe, kikombe kinyweeni, pepeo lipepeeni mbele za wageni. Kikipasuka, kiungeni, na mtoto awaone mkikiunga. Mkishaulizwa tena mnataka nini, msijibu kwamba hamtaki kitu. Semeni ukweli: mpini una ufa, debe ni gumu, jioni ni ndefu. Mtoto atajua la kufanya.