Maji ya Rejeta

Baba yangu ana motokaa, nayo ni Landrova ya mwaka 1978, ya petroli, yenye silinda nne. Kwetu Lushoto gari la namna hiyo si la fahari. Hushusha kabichi na plamu mpaka Mombo, hupandisha saruji na mahindi, na usiku hubeba mgonjwa bila nauli. Wengi hudhani kwamba mwenye gari ni mtu wa kukaa mbele na kushika usukani. Mimi tangu darasa la sita najua kuwa ni mtu wa kuamka mapema.

Kazi yangu wakati wa likizo ni kulikagua gari alfajiri, injini ikiwa baridi. Huchomoa kijiti cha oili, hukipangusa, hukirudisha, kisha hukitazama tena. Huubonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Mwisho hufungua mfuniko wa rejeta na kutia maji yaliyopungua. Mfuniko huo haufunguliwi injini ikiwa moto, kwa maana chini yake maji yamebanwa, na joto lake huweza kupita digrii 100 bila kuchemka. Ukiufungua, hukurukia usoni. Hayo niliyaona nyumbani kabla ya kufundishwa sababu yake katika Fizikia.

Basi, Desemba iliyopita rejeta ilianza kuvuja. Baba aliniacha na gari kwa fundi wake pale Mombo, yeye akaenda sokoni. Fundi huyo amelitengeneza gari letu tangu sijaanza shule, nami humwita Baba Mdogo ingawa si ndugu yetu. Aliziba matundu kwa risasi, akaifunga rejeta, akaniambia, "Mwanangu, mwambie baba yako nimeziba nilipoweza. Bado inatoa jasho. Kila asubuhi mtie maji, na mtafute rejeta nyingine kabla ya masika." Nikasema nimesikia. Baba aliporudi aliuliza, "Imepona?" Nilikuwa nikila muwa, nikajibu, "Imepona." Sikukusudia ubaya. Maneno ya fundi yalikuwa yamekwisha nitoka kichwani.

Siku ya tatu yake mvua ilinyesha alfajiri, na blanketi lilikuwa tamu. Baba aliuliza akiwa nje, "Umepima maji?" Nikasema, "Nimepima, Baba." Sikupima siku ile, wala ile iliyotangulia.

Kushuka hakukuwa na taabu, maana mteremkoni injini haifanyi kazi kubwa. Tulirudi na mifuko 10 ya saruji. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kama kilometa 33, nayo ni kona na mlima, huku ukuta wa jabali na huku korongo. Mshale wa kuonyesha joto ulikufa zamani. Kwanza tulisikia harufu, kisha mvuke mweupe ukatoka penye boneti, injini ikagonga mara chache na kuzima. Hatujafika hata Soni. Tulisubiri karibu saa nzima ipoe. Baba alipofungua mfuniko, rejeta ilikuwa kavu. Akachomoa kijiti cha oili, akakigeuza mbele ya macho yangu. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Chuma kikikosa maji hupata moto mno na kupinda. Gasketi iliyo kati ya silindahedi na bloku ilikuwa imeungua, maji yaliyosalia yakaingia kwenye oili. Kuvutwa, kuchonga silindahedi, gasketi mpya na oili, vyote vilikula shilingi 480,000. Fedha hizo zilikuwa za bati za jiko la Bibi, naye masika yote alipika chini ya turubai.

Lakini kilichoniuma zaidi ni neno alilosema Baba pale barabarani. Alisema, "Fundi amenidanganya." Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, nimeshika dumu tupu, nikanyamaza. Tangu siku ile gari hupelekwa kwa fundi mwingine. Zamani siku za soko wale wawili walikunywa kahawa pamoja. Sasa Baba hupita njia nyingine.

Mwezi wa Aprili, nikirudi shuleni, nilikutana na fundi kituoni Mombo. Nikamwamkia, "Shikamoo, Baba Mdogo." Akaitika, kisha akaniuliza taratibu, "Ulimwambia baba yako nilivyosema?" Nikajibu, "Nilimwambia." Alinitazama kidogo, akanipa shilingi 2,000 za soda, akanibebea sanduku mpaka mlangoni mwa basi. Soda sikununua. Noti ile imo katika kitabu changu cha Fizikia hata leo.

Mwalimu wa gazeti letu alipotutaka tuandike juu ya chombo tunachokijua, nilidhani nitaandika utunzaji wa motokaa tu. Nilipofika penye rejeta kalamu ikasimama. Nikaona si haki Baba asome habari hii humu kwanza, pamoja na wazazi wengine. Simu haziruhusiwi bwenini, basi nikamwandikia barua, nikamweleza yote, hata habari ya soda.

Jibu lilikuja juma lililopita, katika kipande cha karatasi ya daftari:

"Barua nimeipata. Siku ya kufunga shule usipande moja kwa moja nyumbani. Shuka Mombo, unisubiri kwa fundi. Nitakuja na gari."