Ziara ya mwaka mzima ambayo watoto hawakuitaka

Mei 12, 1869, meli iitwayo Scotia iling'oa nanga New York kuelekea Liverpool, Uingereza. Miongoni mwa abiria walikuwamo mfanyabiashara Theodore Roosevelt, aliyekuwa na miaka 37, mkewe Martha, 33, na watoto wao wanne: Anna, 14, Theodore mdogo, 10, Elliott, 9, na Corinne, 7. Hawakuwa wanahama, wala hawakuwa na mzigo wa kuuza. Walikuwa wanakwenda kutembea Ulaya, na wangetembea kwa mwaka mzima.

Kwa matajiri wa New York wa wakati ule halikuwa jambo la ajabu. Ukoo wa Roosevelt ulikuwa na fedha za biashara, ikiwamo ya kuagiza vioo, na reli zilikuwa zimeshaunganisha miji mikubwa ya Ulaya. Aliyejiweza alihama hoteli hadi hoteli bila haraka, akitazama makanisa, picha na milima.

Lakini Martha alikuwa na sababu yake, na ilikuwa pale pale Liverpool.

Martha alikulia Georgia, Kusini mwa Marekani, katika nyumba kubwa iliyohudumiwa na watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, moyo wake ulikuwa Kusini huku mumewe akiwa upande wa Kaskazini. Ndugu zake wawili waliupigania upande wa Kusini: James, kaka yake kwa baba, aliyesimamia ujenzi wa meli za kivita huko Uingereza, na mdogo wake Irvine, aliyekuwa baharia katika mojawapo ya meli hizo. Mumewe hakwenda vitani. Alimlipa mtu mwingine aende badala yake, kisha akazunguka kwenye kambi za Kaskazini akiwashawishi askari watume sehemu ya mishahara yao kwa wake na watoto wao. Fikiria chakula cha jioni katika nyumba hiyo.

Upande wa Kusini uliposhindwa mwaka 1865, James na Irvine walibaki Liverpool. Kwa hiyo ziara hii ya starehe ilianza kwa dada kuwakumbatia ndugu zake, na watoto wakawafahamu wajomba zao.

Baada ya hapo ndipo ulipoanza mzunguko wenyewe: Scotland, London, Uholanzi, Uswisi, Venice, Vienna, Paris, Rome. Wazazi walifurahia. Watoto wadogo watatu, kwa sehemu kubwa, walichoka. Makumbusho moja baada ya jingine, hoteli moja baada ya nyingine, na hakuna rafiki wa kucheza naye.

Theodore mdogo alikuwa na pumu. Katika daftari aliloandika kumbukumbu za kila siku, siku za kutazama majumba na picha zinafuatana na usiku wa kukosa pumzi. Baba yake alikesha naye. Alimpa kahawa nzito isiyo na maziwa, na safari moja akamvutisha sigara kubwa, kwa kuwa tiba za wakati ule ndizo zilivyokuwa. (Leo hakuna daktari atakayekubali hilo, wala mzazi asilijaribu.) Baba huyo aliyeweza kulipia watu wa kumfanyia karibu kila kitu hakumwachia mtumishi kazi ya kukesha.

Novemba, wakiwa Paris, Martha alimwonyesha mwanawe picha ya Edith Carow, msichana wa New York aliyezoea kucheza na watoto wa nyumba yao. Kijana akaandika jinsi uso ule ulivyomtia uchungu wa kukumbuka nyumbani na siku zilizopita. Alikuwa ametimiza miaka 11 mwezi uliotangulia.

Siku nzuri zilikuwapo pia, na nyingi zilikuwa zile ambazo mwili ulipata kazi. Uswisi alitembea maili nyingi milimani pamoja na baba yake. Desemba 31 walipanda mlima Vesuvius, karibu na Naples, ukiwa na theluji. Kileleni alichomeka fimbo yake kwenye shimo la volkano ikawaka moto papo hapo. Ni mtoto gani angesahau hilo? Na Rome, walipokutana na Papa Pius wa 9 akitembea, mtoto huyo wa Kiprotestanti alijikuta akiubusu mkono wake, kisha akaliandika tukio hilo kwa mshangao na kejeli kidogo.

Walirudi New York Mei 1870. Theodore mdogo, ambaye baadaye alikuwa Rais wa 26 wa Marekani na ndiye aliyeshuka Mombasa Aprili 1909 kwa safari yake mashuhuri ya kuwinda, aliandika utu uzimani kwamba aliichukia ziara ile na kwamba haikumfaidia kitu.

Inaelekea wazazi walikuwa wameliona hilo. Mwaka 1872 waliondoka tena, lakini kwa mpango mwingine. Badala ya makumbusho, walikodi mashua na kukaa wiki nyingi kwenye Mto Nile, ambako kijana, sasa akiwa na miwani na bunduki aliyopewa na baba yake, aliwinda ndege na kuwachuna kwa ajili ya mkusanyiko wake. Kisha yeye, Elliott na Corinne wakaachwa miezi kadhaa Dresden, Ujerumani, kwa familia ya huko, wajifunze lugha. Safari hiyo aliisifu maisha yake yote.

Na yule msichana wa kwenye picha? Mwaka 1886 Theodore, aliyekuwa amefiwa na mke wake wa kwanza, alifunga ndoa na Edith Carow jijini London. Kwa fungate yao walikwenda Ufaransa na Italia, wakatembea polepole kwa wiki kadhaa, wakitazama picha na makanisa.